Mdogo Wangu, Masaa Manne ni Mengi

Wadogo zangu, leo nataka tuongee habari za kiti. Wenye mgonjwa wa figo nyumbani mmeshanielewa: kile kiti cha kuegemea kilicho ubavuni mwa mashine ya kusafisha damu. Anakikalia baba, au shangazi, au wewe mwenyewe unayesoma hapa, masaa manne bila kunyanyuka, kisha unarudi Mbagala au Tegeta huna nguvu hata ya kuvua viatu, na keshokutwa safari ni ileile. Anayesafishwa mara tatu kwa wiki hukikalia zaidi ya masaa 600 kwa mwaka, na hapo sijahesabu foleni ya Barabara ya Kilwa wala ya Bagamoyo. Mnaniuliza kuhusu chakula, kuhusu bima, kuhusu ndugu waliotoweka tangu ugonjwa uingie nyumbani. Ila hamniulizi kabisa yale masaa manne mgonjwa ayafanye nini.

Basi leo najibu swali ambalo hamjaliuliza. Mnunulie penseli za rangi.

Naisikia miguno. "Dada, mtu mzima mwenye wajukuu, umpe vitu vya chekechea?" Ndiyo, mpe. Lakini nisikilize mpaka mwisho, maana nikikuacha na nusu ya maneno utakwenda kufanya mambo ambayo sikukutuma.

Hebu jiweke pale kwanza. Mkono mmoja una sindano, hautakiwi kutikisika. Macho yamebaki na dari, na saa ya ukutani, na damu yako mwenyewe inayopita kwenye mirija. Unafikiri nani atalipa kodi ya nyumba. Unafikiri mtoto wa mwisho atamaliza shule na nani. Unafikiri kwa nini yule mzee wa kiti cha pili hajaonekana wiki hii, na hakuna anayetaka kukuambia. Juu ya mawazo hayo kuna mwili wenyewe: ngozi inawasha hadi mtu anajitoa damu kwa kucha, misuli ya miguu inakaza ghafla, uchovu hauishi hata ukilala, na usiku usingizi wenyewe hauji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo ukimwona mgonjwa anafoka kwa sababu ya chai iliyopoa, usikimbilie kusema amebadilika tabia. Amechoka, na anaogopa, na pengine hajapata mtu wa kumwambia.

Hapo ndipo rangi zinapoingia. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Curry na Kasser, waliwatia wanafunzi wa chuo wasiwasi kwa makusudi, halafu wakawagawa makundi. Wengine walipewa mchoro wa duara wenye vipande vingi vya kujaza, wengine mchoro wa mirabaraba, na wengine karatasi tupu wachore wanachotaka. Waliopewa mistari ya kujaza walitulia kuliko waliopewa karatasi tupu. Jambo hilo nalipenda kwa sababu linaeleza kitu ambacho sisi tunaouguza tunakisahau: karatasi tupu inamtaka mtu aamue kila kitu, na mgonjwa wako amechoka kuamua. Mistari ikishakuwepo, linalobaki ni dogo. Hapa niweke kijani au bluu? Basi. Na kwa dakika zile kodi ya nyumba inakaa pembeni.

Wale walikuwa wanafunzi wenye afya zao. Kwa wagonjwa wenyewe, madaktari wa Florida waliandika mwaka 2006 walichokiona baada ya kuwaingiza wasanii kwenye chumba cha kusafishia damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's kule Belfast, Ireland ya Kaskazini, nao wamejaribu kumsogezea mgonjwa msanii pembeni ya kiti, achore au aandike huku mashine inazunguka. Uturuki wauguzi wamewapa wagonjwa wa mashine michoro ya duara wapake rangi. Kwa jumla wanaleta habari za kutia moyo: roho kutulia, huzuni kulegea, muda kwenda. Lakini majaribio mengi ya aina hii ni madogo na ya muda mfupi, na wale wa Florida hawakuwa na kundi lingine la kulinganisha nalo. Nakwambia haya mapema ili usije ukakimbilia kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo kutangaza kwamba rangi zinaponya figo. Haziponyi. Rangi haisafishi damu, mdogo wangu, na nitakurudia neno hili mpaka unichoke.

Na wewe unayeona hili ni jambo la wageni, hebu nikukumbushe mtu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alifanya kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Uchoraji aliufanya nje ya saa za kazi ya hospitali, kwenye vibao, kwa rangi za kupakia baiskeli, na michoro yake ikauzwa Oysterbay pale Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, bado kijana, lakini ushirika wa wachoraji waliorithi jina lake uko palepale, ndani ya Kinondoni yetu. Mtazame ndege wa Tingatinga: mistari minene, ndani rangi kavu isiyo na kivuli, kisha nukta na madoa. Mchoro wa namna hiyo ukiutoa rangi ukabakiza mistari, umepata karatasi ya kumpa mgonjwa, wala huna haja ya kuagiza kitabu cha nje.

Wapo kati yenu ambao nyumbani hawachori wala hawapaki rangi viumbe vyenye roho. Sawa kabisa, usimlazimishe mama yako simba na twiga. Chukua maua ya hina, chukua pindo la khanga, chukua nakshi za milango ya Unguja. Na kama unataka duara lile lile la watafiti, liko jikoni kwako: kawa la ukili la kufunikia chakula. Fuata mistari yake kwa penseli kwenye karatasi. Hata kawa ukikosa, laza sahani juu ya karatasi uizungushie mstari, ndani yake uweke bakuli uzungushe tena, kisha kikombe, halafu ugawanye kwa mistari kutoka katikati. Mchoro umekamilika. Kijana wa steshenari mtaani kwako atakutolea kopi za kutosha mwezi mzima.

Sasa ukae vizuri, maana hapa ndipo ukali wangu ulipo.

Kabla ya kupeleka chochote kwenye wodi ile, muulize muuguzi wa zamu. Wodi ya kusafisha damu si sebule. Kuna magonjwa yanayopita kwa damu, homa ya ini aina B ikiwemo, na wauguzi wanajitahidi mno vitu vya mgonjwa mmoja visimfikie mwingine. Kwa hiyo penseli za baba ni za baba. Usizizungushe kiti hadi kiti kwa ukarimu wetu wa Kiswahili, hata kama jirani yake anazitamani. Mnunulie jirani pakiti yake. Zikae kwenye mfuko wao, zifutwe mkirudi nyumbani, na zisiwekwe juu ya mashine.

Zichonge nyumbani. Najua Temeke na Kinondoni wengi tumekua tukichonga penseli kwa wembe, lakini wembe usiingie wodini. Mgonjwa akiwa kwenye mashine mara nyingi amepewa dawa ya kuzuia damu isigande, na mkato mdogo wa kidoleni unaweza kutoka damu muda mrefu. Rangi za mafuta na zile zenye harufu kali ziache kabisa, chumba kile kina watu wenye kichefuchefu.

Mkono wenye sindano uachwe ulale. Kwa kawaida madaktari hutengeneza mshipa wa kusafishia kwenye mkono asioutumia sana, kwa hiyo wa kuandikia unabaki huru. Bana karatasi kwenye kibao ili isiteleze, kibao kikae mapajani, asiinamie mbele mpaka akaivuta mirija. Ikitokea mkono huru ni ule asiouzoea, mpe maumbo makubwa na umwambie mapema kwamba kutoka nje ya mstari hakuna adhabu. Mwenye mrija wa shingoni naye asikunje shingo kwa ajili ya ua.

Na macho, jamani. Sukari na shinikizo la damu ndivyo vinavyowafikisha wengi kwenye mashine, na sukari hiyohiyo inakula macho. Ukimletea mtu wa namna hiyo kamchoro kenye vitundu vidogo vidogo, umemletea aibu. Hataona, na hatakwambia haoni. Atasema hapendi. Mletee mistari minene na kreyoni nene. Vidole vikitetemeka, zungushia penseli kitambaa iwe nene mkononi.

Halafu kuna hili la kuzidisha. Dakika 20 zinatosha kuanzia. Wengi saa ya mwisho nguvu imekwisha, wengine shinikizo la damu linashuka, jasho jembamba linawatoka. Akihisi kizunguzungu, kichefuchefu, kifua kubana au mguu kukaza, penseli iwekwe chini na muuguzi aitwe saa hiyohiyo. Nasema hivi kwa sababu mtu aliyezama kwenye jambo analolipenda huweza kusema "ngoja nimalizie hapa." Asimalizie.

Kuhusu kuwashwa nataka nikae kidogo, maana ndilo linalowatesa wengi na linalochekwa zaidi. Mkono ulioshika penseli haujikuni, na akili iliyoko kwenye rangi inausahau muwasho kwa muda. Huo ni msaada wa kweli, usiudharau. Lakini muwasho ule una chanzo chake ndani ya mwili, na mara nyingine ni fosforasi iliyozidi kwenye damu. Hiyo inapunguzwa kwa kusafishwa ipasavyo, kwa dawa anazomeza pamoja na chakula, na kwa kupunguza vitu kama dagaa wanaoliwa na mifupa yao na soda nyeusi. Ukiona muwasho umezidi, usiongeze michoro. Mwambie daktari. Hali kadhalika kiu. Masaa ya jioni ambapo mgonjwa anapigana na kikombe cha maji alichokatazwa, karatasi ya rangi inaweza kumvusha. Ila usimwonee huruma ukamletea dafu kumliwaza. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda kwa mtu ambaye figo hazifanyi kazi inaweza kuusimamisha moyo. Nalisisitiza kwa sababu pale barabarani madafu yanauzwa kila kona na kila muuzaji atakwambia yanasafisha figo.

Na mtu asije akamshawishi mgonjwa kuruka siku ya mashine eti kwa kuwa wiki hii ametulia, analala, anacheka na wajukuu. Ametulia moyoni. Maji na sumu mwilini vinaendelea kujaa vilevile. Mwendo ni uleule kwa wale wa mitishamba watakaokuja na chupa wakikuta mgonjwa amechangamka. Wakaribishe chai, chupa warudi nayo.

Kuna sura moja ya mgonjwa ambayo rangi haiitoshi, na nakuomba uijue. Asipotaka kula, asipotaka kuongea, akianza kugawa vitu vyake, akisema "niacheni tu, sitaki tena kwenda," hapo usimpe karatasi ukadhani umemaliza. Mwambie daktari au muuguzi waziwazi, na umtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mficha maradhi kifo humwumbua, na huzuni nayo ni maradhi. Pengine kinachomfanya atake kuacha si mashine, ni kuona mnauza vitu vya ndani kwa ajili yake. Maofisa hao wa ustawi ndio wanaoshughulikia pia habari za wasioweza kulipa, kwa hiyo mlango mmoja una mambo mawili.

Sasa nyinyi mnaouguza, wake na watoto wa kike hasa, maana nawajua. Mna tabia ya kunyang'anya. Mgonjwa akikawia kupaka, unachukua penseli "nikusaidie." Akichagua rangi ya zambarau kwa mwembe, unamwambia miembe ni ya kijani. Mdogo wangu, huyu mtu ameamuliwa chakula, ameamuliwa kiasi cha maji, ameamuliwa siku za kutoka nyumbani. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na kwenye uji sibishani nao. Kwenye rangi muulize. Mwembe wake uwe wa zambarau.

Wala usimsifie uongo kwa sauti ya kumsifia mtoto. Mtu mzima anaisikia sauti hiyo na inamuuma. Muulize kwa nini ameweka njano pale, kisha nyamaza umsikilize. Wanaume wengi hawasemi ugonjwa unawafanya nini, lakini wakiwa wanatazama karatasi badala ya kukutazama wewe usoni, maneno hutoka. Nimewasikia baba wakieleza Tandika ya utotoni mwao, na bahari ya Mtoni, na kazi waliyoiacha bandarini, wote kichwa kimeinama kwenye mchoro. Usikimbilie simu kumpiga picha. Kumweka mgonjwa kwenye status bila ruhusa yake, akiwa na mirija, hata kama ua lake limependeza, ni kumvua nguo mbele za watu.

Na wewe unayekaa nje kwenye benchi masaa yaleyale manne, umejisahau. Chukua karatasi yako. Au mkirudi Yombo au Bunju jioni, muweke mgonjwa na mtoto aliyetoka shule kwenye mkeka mmoja, kila mmoja na upande wake wa mchoro. Baba aliyekuwa analeta mkate nyumbani na sasa analetewa, anahitaji mahali ambapo mtoto bado anakuja kumwuliza jambo. Hata kama ni rangi ya mkia wa jogoo.

Kwa wenye mgonjwa mwenye matumaini ya kupandikizwa figo: ndiyo, Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Lakini si kila mtu anampata ndugu wa kumchangia, na si kila mwili unakubali upasuaji. Wengi wataendelea na kiti miaka. Ndiyo maana nasumbuka na kiti kiasi hiki.

Swali la mwisho nalijua: je, akikataa? Umenunua penseli, umetoa kopi, umebeba kibao hadi wodini, naye amegeuza uso. Usinune, na usimsomee hesabu ya nauli. Mwingine hakuwahi kushika penseli tangu aache darasa la nne na inamkumbusha fimbo. Mwingine siku hiyo anaumwa tu. Weka vitu kwenye mfuko, usivitaje kwa wiki moja, kisha jaribu tena mara moja. Akikataa tena, muulize angependa masaa yale yapite na nini. Anaweza kutaka mpira wa Simba na Yanga redioni kwa spika ya sikioni, au kusomewa gazeti, au tasbihi yake, au rozari, au wewe ukae tu kwenye kigoda usiseme kitu. Mpe hicho alichotaka. Penseli wape wajukuu.